Tulivyokwenda Kuitazama Usandawe Kabla ya Kuhama

Wenzangu wa darasa la kushona, tangu nirudi hamnipi nafasi hata ya kuingiza uzi kwenye sindano. Huyu anauliza kama ni kweli mume wangu alichukuliwa na maji. Yule anauliza kama nilipata kula chochote huko. Na mke wa mzee wa kanisa ananikamata kila Jumapili mlangoni: "Sasa mnahama, au hamhami?" Nimechoka kusimulia kipande hapa na kipande kule, halafu kila mtu anajaza mwenyewe palipobaki. Nimekaa chini nimeyaandika yote. Anayejua kusoma amsomee mwenzake, ila asiongeze maneno yake.

Shauri la nyumbani, Mvumi

Wakubwa wa misheni walimwita mume wangu, mwalimu Petro, wakamwambia kwamba ng'ambo ya mto Bubu, katika nchi ya Usandawe, hakuna shule wala mwalimu, na wangependa ahamie huko na familia yake. Petro alikubali palepale. Alirudi nyumbani anaimba.

Mimi sikuimba. Sikuwa nabishana na kazi ya Mungu. Lakini nina watoto wawili, Ana na Danieli, na Mungu akipenda watakuja wengine. Niliwaza: siku ya kujifungua huko, nani atanishika mgongo? Watoto wakiugua, nitambishia nani mlango? Nchi yenyewe si ya Wagogo, na lugha yao hakuna hapa anayeijua.

"Baba Ana," nilimwambia, "wewe unahamia shuleni. Mimi nahamia jikoni na kisimani. Siwezi kukubali kisima nisichokiona."

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Akasema, "Basi twende tukaone sote wawili. Ukisema hapana, nitawaambia wakubwa mimi mwenyewe kwamba ni hapana."

Hiyo ndiyo ahadi aliyonipa, na niliibeba njia nzima. Watoto tukawaacha kwa mama yangu. Misheni ikatuazima punda mmoja jike, mwenye macho ya upole na tabia mbaya kabisa. Tukampakia unga wa uwele, mlenda mkavu, sufuria, mkeka na zawadi ya nguo kwa jumbe wa huko, tukaondoka mvua zikiwa zinaishia.

Dodoma: siku ya punda

Mpaka Dodoma hakuna la kusimulia, ila kwamba punda alilala chini mara nyingi, na kila alipolala Petro alimhubiria.

Dodoma tulikuwa tumeagizwa tumtafute mfanyabiashara mmoja Mrangi, Mzee Shabani, anayepeleka chumvi na nguo mpaka Usandawe. Tulimkuta karibu na stesheni na punda wake wamekwisha kufungwa mizigo. Ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye ndevu chache alizozitunza vizuri. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa Dodoma kumtazama binti yao aliyeolewa huko, na sasa anarudi nyumbani Kelema.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mume wako ndiye mwalimu?"

"Ndiye."

"Na wangu ni mwalimu wa Kurani wakati asipouza chumvi. Basi tutasafiri na walimu wawili. Mungu atusaidie tusichoke masikio."

Nilimpenda tangu neno hilo.

Tulikuwa tunataka kuondoka jua halijawa kali. Mzee Shabani alikuwa ameshika fimbo, anasoma dua ya safari, na Petro naye amevua kofia kwa adabu, gari la moshi lilipoingia. Wengi wenu hamjalisikia kwa karibu. Halikulia mara moja. Lililia, likanyamaza tukafikiri limekwisha, likalia tena kwa nguvu zaidi. Punda wa Mzee Shabani walikata kamba. Mmoja alipita katikati ya askari waliokuwa wanapanga mstari mbele ya afisa wao Mdachi, na mstari ukaisha. Mwingine akaingia duka la Mhindi, akatoka upande wa pili na shuka shingoni. Waliobaki wakashika njia ya porini, magunia ya chumvi yanarukaruka mgongoni.

Punda wetu peke yake hakutikisika. Alisimama anatafuna, analitazama gari lile kama anayelidai deni.

Siku hiyo yote iliishia kukusanya punda. Petro alikimbia katika jua kali akarudi na mmoja tu, naye hakuwa wa Mzee Shabani. Ilibidi amrudishe, na mwenye punda akamfanya mwizi, mpaka Mzee Shabani akaenda kuapa kwamba yule ni mwalimu na hajui kuiba. "Hata kukamata hajui," alisema. Watu wakacheka, na mwenye punda akacheka pia, akatugawia viazi vitamu vya kuchemsha. Tukaondoka kesho yake.

Njia ya Kelema

Njia ya kaskazini ni pana na kavu, miiba pande zote mbili, na siku za mwanzo bado unakutana na watu wetu. Jioni moja tulifika kwenye tembe ya Mgogo mmoja mwenye ng'ombe wengi, ambaye alipomhoji Petro ukoo wake aligundua kwamba yeye ni kama mjomba wa Petro. Tukapewa pa kulala, tukapewa maziwa ya mgando, tukapewa na beberu.

Petro alifurahi kupita kiasi. Mzee Shabani alikuwa ametulisha kwa chakula chake tangu Dodoma, na sasa sisi ndio tuna cha kumpa. Akashika kisu, akachinja yule mbuzi palepale, akawa anachuna kwa bidii huku Mzee Shabani bado yuko kisimani anawanywesha punda.

Mzee aliporudi na kuona nyama imetundikwa, akasimama. Akamtazama Petro, akamtazama mbuzi.

"Amechinja nani?"

"Mimi, mzee wangu!" Petro akasema, mikono imejaa damu na uso umejaa furaha. "Leo nyinyi ndio wageni wetu."

Nilimwona Bi Zuhura anafunika mdomo kwa ukingo wa kanga. Mimi ndipo nikakumbuka, nikataka ardhi inifiche. Mwislamu hali nyama aliyochinja Mkristo. Petro anajua hayo tangu utotoni, ila furaha ilimpita mbele. Alipokumbuka, kisu kilimponyoka.

Mzee Shabani alikaa kwenye kigoda, akavuta pumzi, na mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani ana hasira. Kumbe anacheka mpaka machozi.

"Mwalimu," alisema, "nimekula na wewe siku hizi zote, nikajiuliza moyoni, huyu ataniletea maneno ya dini lini? Kumbe umeyaleta kwa kisu."

Wakala maharage yao, sisi tukala nyama kwa aibu, nayo ilikuwa tamu sana, jambo lililozidisha aibu. Mwenyeji wetu, ambaye hakuwa wa dini hii wala ile, aliona mambo haya yote ni ya ajabu, akaamuru aletwe mbuzi mwingine. Asubuhi Mzee Shabani alimchinja mwenyewe, na siku hiyo tulikula sote sahani moja.

Kabla ya Kelema nilishikwa na homa. Nilitetemeka juu ya punda kama jani, na kila kitu kilinichukiza. Kwa Bi Zuhura nililazwa ndani, akanifunika mablanketi yake yote, akaninywesha maji ya ndimu na uji mwembamba kwa kijiko kama mtoto. Alikuwa akitoka kuswali anarudi kunishika paji la uso. Siku ya pili nililia, nikamwambia kwamba nataka kurudi kwa wanangu, na kwamba sitahama.

"Usihame," alisema. "Nani amekulazimisha?"

Nilitegemea atanibembeleza. Akaendelea, "Mimi nililetwa Kelema nikiwa bibi harusi, natoka milimani, sijui mtu hata mmoja. Nililia mwezi mzima. Akaja jirani, Msandawe, ameolewa hapa, hajui lugha yangu. Akakaa chini nami tukalia wote wawili. Sijui yeye alikuwa anamlilia nani. Nilipona hivyo." Akanifuta jasho. "Lakini kama unataka kurudi, rudi. Njia unaijua."

Homa iliponitoka sikurudi. Nilitaka kuona kwanza ninachokikataa.

Mto Bubu

Bi Zuhura akabaki kwake, sisi tukaendelea na Mzee Shabani kuelekea machweo. Bubu ni mto wa mchanga, na mwenyeji mmoja wa Kelema alituambia tutauvuka bila kulowa kifundo. Kumbe mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha milimani Irangi. Tulipofika ukingoni tuliona maji ya rangi ya udongo yanateremka na matawi mazima ya miti.

Mzee Shabani alikuwa nyuma, gunia moja limepasuka na anaokota chumvi. Ng'ambo walisimama watu, wanaume kwa wanawake. Walipotuona wakaanza kupiga kelele na kupunga mikono kwa nguvu.

"Wanatuita!" alisema Petro. Uso wake uling'aa. "Mama Ana, unaona? Hawatujui, na wanatuita!"

"Tumngoje Mzee Shabani."

"Watu wanatuita, sisi tukae?" Akavua viatu, akavifunga shingoni, akaingia.

Hatua za mwanzo maji yalimfika magotini. Wale ng'ambo wakazidi kupiga kelele na kupunga, naye akazidi kutabasamu na kuwapungia. Mara chini yake hapakuwa na mchanga. Kichwa kikazama, kikaibuka, kikazama. Nilipiga ukelele ambao koo langu linauma nikiukumbuka. Nilikimbia ukingoni nikifuatana naye, miiba inanirarua, namwita kwa jina lake la utoto ambalo tangu tuoane sijawahi kulitamka.

Mto ulimtupa kwenye mizizi ya mti uliolala majini, akaing'ang'ania. Ng'ambo, mtu mmoja wa makamo alikuwa ameshatupa upinde wake chini na kuingia, akiwa ameshika ncha ya gogo refu lililoshikwa na wenzake. Alimfikia Petro, akamshika kwa ukosi wa shati, na wote wakavutwa mpaka ukingo wa kule. Nilimwona mume wangu amelala kifudifudi, anatapika maji. Nilikaa chini. 

Mzee Shabani alifika anahema. Aliwatazama wale watu, akasikiliza kelele zao, akapiga paji la uso.

"Hawakuwa wanawaita," alisema. "Wanasema pandeni juu, kivuko kiko juu!"

Basi mkiulizwa kama ni kweli Petro alichukuliwa na maji, semeni ni kweli, na kwamba alikwenda huku anapunga mkono.

Sisi tuliobaki tulilala upande wetu, na asubuhi maji yalipopungua tukavukia kule juu. Punda wetu aliamua kusimama katikati ya mchanga, kama kawaida yake. Nilikuwa nimechoka, nimekasirika, na mume wangu namwona amekaa ng'ambo amevikwa ngozi ya mtu mwingine. Nikamgongea yule punda ulimi, vile tunavyowahimiza wanyama, mara mbili tatu, kwa ukali.

Wanawake waliokuwa wamesimama wakageuka. Mmoja akanijibu. Lugha ya watu hawa ina sauti za kugonga ulimi ndani ya maneno, na bila kujua nilikuwa nimesema kitu. Nikagonga tena, maana punda bado hajaondoka, na hapo wote wakaanguka vicheko, wanashikana mabega. Mpaka leo hawajaniambia nilisema nini. Kila nilipouliza walicheka upya.

Kisha mama mmoja mnene, mwenye ushanga mwekundu, akasogea, akanipokea kamba ya punda, akasema taratibu, "Mbukwa."

Salamu yetu! Nilidhani homa imerudi.

"Mbukwa," nikaitikia. "Mama, unajua Kigogo?"

"Mama yangu alikuwa Mgogo. Jina langu Nyanzala. Aliyemtoa mumeo majini ni mume wangu, na ndiye jumbe wa hapa. Njoo, mumeo yuko mzima, ila viatu vyake vimekwenda na maji."

Kwa jumbe

Tulikaa pale siku nyingi kuliko tulivyopanga, Mzee Shabani akizunguka na chumvi yake. Nyanzala alinionyesha kila nilichotaka kuona. Kisima chao ni mashimo wanayochimba kwenye mchanga wa kijito, nao wanayazungushia miiba ng'ombe wasiingie. Maji ni meupe na baridi. Nilikunywa, nikajikuta nahesabu moyoni hatua za kutoka hapo mpaka mahali ambapo nyumba ingeweza kujengwa, nikajikaripia.

Chakula tulipata cha kutosha: ugali, mboga za porini zenye uchungu mzuri, nyama ya swala, na asali ambayo hapa kwetu hamjawahi kuonja mfano wake. Ila asali hiyohiyo ilituletea balaa. Siku ya kwanza jumbe alimpa Petro kibuyu cha pombe ya asali. Petro, mnavyomjua, akashukuru, akarudisha. Jumbe akakunja uso. Akakileta tena, na Petro akarudisha tena kwa adabu kubwa zaidi. Watu wakaanza kunong'ona.

Nyanzala aliniuliza kando, "Mumeo anadhani tumetia sumu? Jana tumemtoa majini, leo tumuue kwa kibuyu?"

"Hapana, mama! Anadhani pombe itamharibia kazi yake."

Alifikiri. Akachukua kibuyu, akanywa yeye mwenyewe kwa muda mrefu, akafuta mdomo, akamweleza mumewe. Jumbe akasema neno fupi, watu wakacheka.

"Anasema basi mwalimu apewe asali kabla haijapata akili," Nyanzala akatafsiri. Tukaletewa masega.

Lakini lililo zito lilikuwa linakuja. Siku ya baraza jumbe alikaa na watu wake, nasi tukakaa mbele yao, Nyanzala katikati. Jumbe si mtu wa maneno mengi. Alimuuliza Petro atawafundisha nini. Petro akasema: kusoma, kuandika, na habari za Mungu.

"Kuandika," alisema jumbe. "Bomani nako wanaandika. Alikuja mtu wa boma na karatasi, akaandika majina yetu. Baada ya karatasi ikaja kodi, na baada ya kodi vijana wetu walichukuliwa kutengeneza barabara. Wewe utaandika majina ya nani?"

"Sitaandika jina la mtu kwa ajili ya boma."

"Yule naye alisema maneno mazuri."

Petro akaeleza kwa upole kwamba yeye si mtu wa serikali. Akaeleza tena kwa njia nyingine. Niliwaona wanamsikiliza jinsi mtu anavyosikiliza mvua ya mbali. Mume wangu alianza kutoka jasho. Nilijua ameona wazi kwamba jibu litakuwa hapana, na nilishangaa kwamba sikufurahi.

Ndipo jumbe akanigeukia mimi. Sikutegemea.

"Mama, una watoto?"

"Wawili."

"Wako wapi?"

"Mvumi, kwa mama yangu."

Aliwatazama watu wake, wakaitikia kwa vichwa. "Mtu anayekuja bila watoto haji kukaa," alisema. "Anakuja kuhesabu. Yule wa boma hakuwa na mtoto. Mnataka niwape mahali pa kujenga. Watoto wenu watakuja kulala hapa, wanywe maji haya tunayokunywa, au watabaki kwenu mkituchoka mrudi?"

Nyanzala alipomaliza kutafsiri alinitazama usoni, na Petro pia. Mume wangu angeweza kujibu. Ni baba yao, ni mwalimu, na baraza lilikuwa lake. Alifunga mdomo. Jibu aliniachia mimi, kwa sababu aliniahidi.

Niliwafikiria Ana na Danieli. Niliufikiria ule mto. Nilimfikiria mtu aliyetupa upinde wake chini akaingia majini kumfuata mgeni mjinga asiyemjua, na sasa mtu huyo ndiye anayeniuliza kama namwamini kwa wanangu.

"Watakuja," nilisema. "Nitawaleta mwenyewe. Na nikijifungua mwingine, nitajifungulia hapa, kama mkeo atakubali kunishika mgongo."

Nyanzala hakutafsiri upesi. Alinijibu kwanza kwa Kigogo, "Nitakushika." Kisha akawageukia wenzake, akasema, na wanawake waliokaa nyuma wakapiga vigelegele kabla jumbe hajafungua kinywa. Jumbe akanung'unika kwamba baraza limekwisha bila yeye. Jioni alitupeleka kutuonyesha mahali: mwinuko mdogo, miti miwili ya mkwaju, na kijito chini yake.

Petro hakuniambia neno mpaka tulipobaki wawili. "Ulikuwa umeamua lini?" akauliza.

"Nilipolisikia jibu linatoka mdomoni," nilimwambia, na ndiyo kweli.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kama zilivyo zote za kurudi, ingawa Petro aliitembea kwa ndala za ngozi ya ng'ombe alizotengenezewa na jumbe. Kelema, Bi Zuhura alinitazama mara moja akasema, "Umekubali," akaenda kunitafutia mche wa ndimu nikaupande. Dodoma hatukusimama karibu na stesheni.

Nyumbani Ana alinirukia shingoni, Danieli akajificha kwanza. Usiku wa kwanza nilimsimulia mama yangu kila kitu nilichowaandikia humu, na mengine ambayo sikuwaandikia. Alisikiliza bila kuinua macho. Nilimaliza kwa woga, maana sisi ndio aliotuzoea, na mimi ndiye nitakayemchukulia wajukuu.

"Mama, kaka atakutunza," nilisema. "Na tutakuja kukuona kila mavuno yakiisha."

"Huyo jumbe alisema muende na watoto?"

"Ndiyo, mama."

"Alisema bibi yao abaki?"

"Hapana, mama."

"Basi," akasema, akajifunika shuka yake akalala.

Asubuhi nilimkuta uani, amekwisha kuanza kugawa kuku wake kwa majirani, anamchagulia kila mtu yule anayemfaa. Jogoo mwekundu, yule mkorofi anayewafukuza wachungaji, alikuwa amemfunga mguu pembeni. Nilimuuliza huyo ni wa nani.

"Huyo tunakwenda naye," alisema mama. "Hapa hakuna anayemwelewa."